Shimo la Mia Nne na Ishirini

Lazima iwe saa nane ya usiku.
Saa mbili mashine ya unga ya Wamimbi bado inasaga,
saa nne kanisa la mabati linakemea pepo,
saa sita bodaboda za Namakwekwe zinarudi na hasira za mchana.
Saa nane hubaki vyura tu wa mto Namatala,
nao nimewazoea: wana kichuguu chao kwenye grafu,
karibu na elfu mbili,
naujua kama mwandiko wa ndugu.

Spika ni ya katekista Wepukhulu, inchi nane,
ilipasuka Jumapili ya Matawi katikati ya zaburi.
Nimeivisha koni mpya, nimebandika kingo kwa gundi,
nikaiacha siku mbili ikauke.
"Imepona?" aliuliza.
Nikasema sijui.
Sikio langu lina miaka hamsini na mitatu,
husamehe upesi.

Basi ubao wa mlango wa zamani, tundu limekatwa kwa msumeno,
si duara kamili.
Ubao juu ya kigoda. Godoro ukutani.
Maikrofoni niliyoinunua kwa bei ya mbuzi
imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mpini wa ufagio,
mita moja kutoka kwenye koni,
nimepima kwa utepe wa fundi nguo.

Kisha nafagia.
Ndivyo ninavyoita: nafagia sauti
kutoka sakafuni hadi darini.
Hezi ishirini, koni inapumua tu, kama mgonjwa aliyelala.
Arobaini, mlango unaitika.
Sitini na tatu, masufuria ya Khainza yanasengenya kabatini.
Tisini, kile kioo chenye ufa kinatoa siri.
Mia mbili, nyumba inanyamaza, spika inabaki peke yake.
Elfu moja. Elfu tatu, filimbi ya refa.
Elfu nane, mbu.
Elfu kumi na moja,
hapo mimi huachwa njiani.

Nikarudia kwa mkono, polepole,
nikafika kwenye kimya changu, nikanyoosha kidole kuzima.
"Baba, bado inalia."
Mutonyi, miaka tisa, penye pazia, blanketi begani.
"Na sasa?"
"Bado."
"Sasa?"
"Nyembamba. Kama uzi ukipita kwenye tundu la sindano."
Akainua kiganja.
"Sasa imeondoka."

Nikautazama mstari.
Unapanda vizuri, unatembea vizuri,
halafu mia nne na ishirini unatumbukia,
desibeli kumi na moja chini, kisima kisicho na kamba.
Gundi, nikasema. Gundi imeshika vibaya.
Nikachukua kisu.

Sijui nini kilinizuia. Labda mtoto alikuwa anatazama.
Nikasogeza maikrofoni karibu na koni,
nafasi ya punje ya mahindi,
nikafagia tena.
Hakuna shimo.

Ni sakafu.
Sauti moja hunyooka moja kwa moja,
nyingine hugonga saruji kwanza, ikachelewa kidogo,
na zikikutana moja inasema ndiyo, nyingine hapana.
Maikrofoni haisikii kitu.
Spika haina kosa lolote.

Nikafungua daftari, Machi, ukurasa wenye doa la chai:
*Kazi ya Magomu. Gundi mbovu. Shimo mia nne na ishirini.*
Kigoda kilekile. Mita ileile. Saruji hii hii.
Nilimwonyesha grafu mbele ya wateja,
nikamwambia mashine haidanganyi,
akakunja ovaroli yake, akaiweka mezani,
akaondoka bila kudai mshahara wa wiki.

"Imepona?" Mutonyi akauliza.
"Spika, ndiyo."
Mvua ikaanza kutoka Wanale, ikashika bati,
masafa yote kwa pamoja, hakuna kupima tena.
Namba ya Magomu bado iko kwenye simu.
Saa tisa kasoro.
Nimetandika godoro sakafuni, nimekaa juu yake,
nangoja kuche.